Uzi: Tarehe 17 Januari, tuipange upya tukianzia Goma

Mwana wa Birere (Goma)

Wandugu, salamu kutoka Goma.

Kila mwaka tarehe 17 Januari ikifika, simu zinajaa zile orodha za "leo katika historia". Zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na asubuhi unazisikia redioni. Ukizifungua unakutana na Al Capone aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1899, Jim Carrey wa 1962, na Kapteni Scott wa Uingereza aliyefika Ncha ya Kusini mwaka 1912 akakuta Wanorwe wameshamtangulia. Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, anawekwa mbali huko chini, kwa maneno matano. Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, mara nyingi haumo kabisa.

Aliyeandika orodha hizo alianza na mambo ya kwao, na ni haki yake. Nasi tuanze na ya kwetu. Hapa Kongo siku hii ni konje ya taifa, ofisi zinafungwa kwa ajili ya Lumumba. Goma ni siku ya Lumumba na ni siku ya moto pia, na mtoto wa shule aliyezaliwa baada ya 2002 hapati mahali popote palipoandikwa hayo mawili pamoja. Ndiyo maana nafungua uzi huu. Kila mmoja alete anachokijua kwa uhakika: tukio, mwaka, mahali. Wa Bukavu, wa Lubumbashi, wa Kindu, wa Uvira, karibuni wote.

Naanza. Alhamisi, 17 Januari 2002. Asubuhi, baada ya saa mbili, ubavu wa kusini wa Nyiragongo ulipasuka. Wasioijua Goma wanadhani lava ilijaa kileleni ikamwagika kama uji unaofurika sufuriani. Haikuwa hivyo. Ardhi ilifunguka kwa nyufa ndefu zilizoshuka kuelekea mjini, na baadhi zikatema moto karibu na Munigi, jirani kabisa na uwanja wa ndege. Kutazama kilele hakukusaidia sana, maana moto ulitokea chini, karibu na watu.

Lava ikafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia ndege. Ikapita Majengo na Birere, ikakata mji vipande viwili, ikala kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu na maduka ya katikati ya mji, na usiku ikaingia ziwani. Karibu asilimia 13 ya mji ilifunikwa. Watu wapatao 120,000 walibaki bila nyumba. Waliokufa wanahesabiwa kuwa zaidi ya mia moja, na siku nne baadaye, tarehe 21, kituo cha mafuta kililipuka katikati ya mji kikaua makumi ya watu waliokuwa wakichota mafuta.

Wakati huo Goma ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD, vita haijaisha, serikali ya Kinshasa iko upande wa pili wa mstari wa mbele. Mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kwa miguu kwenda Gisenyi, Rwanda. Baada ya siku chache walianza kurudi, wakipita juu ya mawe ambayo bado yalikuwa na joto. Walikataa kukaa kambini. Watu wengi wa nje walishangaa, lakini mtu mwenye kiwanja Goma anajua sababu: usiporudi haraka ukaonyesha mpaka wako ulikuwa wapi chini ya lile jiwe, utamkuta mwingine amejenga.

Ukishuka katikati ya mji leo, angalia vizuri yale majengo ya zamani. Mengine mlango unaoingilia kutoka barabarani ulikuwa dirisha la ghorofa ya juu. Chumba cha chini kimezikwa. Kuta za viwanja zimejengwa kwa mawe yale yale, meusi, yenye matundu madogo. Vijana wanayapasua kwa nyundo, wanayapanga mafungu kando ya njia, chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, inayapeleka kwenye ujenzi.

Haya. Wengine mlete.

---

Mama wa Kadutu (Bukavu)

Aksanti sana mwanangu. Batoto ba leo habajue ile mambo, vema umeandika.

Sisi Bukavu tuliwapokea. Watu walikuja kwa boti na wengine kwa barabara. Nilikuwa bandarini. Nilimwona mama mmoja ameshuka na mtoto mgongoni na kichwa cha cherehani mikononi, ile meza yake ameiacha. Hakuna sahani, hakuna godoro. Tulipomuuliza kwa nini hicho, akasema: "Hiki ndicho kinalisha wale wengine." Alikaa kwa dada yangu miezi mingi, akashonea mtaa mzima sare za shule.

Ila nina swali. Siku zile tuliogopa ziwa kuliko mlima. Watu walisema moto ukiingia majini, ziwa lote litapasuka na Bukavu nayo itakwisha. Ilikuwa maneno ya kuogopesha watu au ilikuwa kweli?

---

Fundi wa Himbi (Goma)

Mama, hofu ile ilikuwa na msingi.

Ziwa Kivu lina gesi nyingi imeyeyuka kwenye vilindi: kama kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na kama 60 za methani. Inakaa chini kwa sababu ya uzito wa maji ya juu. Kule Kameruni, tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilitoa kaboni dioksidi usiku mmoja ikaua watu zaidi ya 1,700, na Nyos ni dogo sana ukililinganisha na la kwetu. Kwa hiyo lava ilipoingia Kivu wataalamu walikuwa na wasiwasi wa kweli.

Kilichotuokoa ni kina. Gesi nyingi iko chini ya mita 250, na ziwa linashuka mpaka karibu mita 485. Lava iliganda karibu na ufuko, haikufika kule. Maji ya juu yalichemka, mvuke ukapanda, basi.

Gesi inayotuua Goma kila wakati ni ile ndogo, mazuku. Ni kaboni dioksidi ile ile inayotoka ardhini na kutulia mabondeni kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Asubuhi mapema, upepo haujaanza, unakuta mbuzi amelala shimoni na hajaguswa na mtu. Mtoto anaingia kumtoa, naye anabaki. Mwenye kiwanja chenye shimo upande wa magharibi wa mji, aweke uzio. Nalisema kila mahali na nitaendelea kulisema.

---

Mtu wa Kamalondo (Lubumbashi)

Mukubwa, asante kwa uzi. Mimi ninaandika kutoka Lubumbashi, mji ambako Lumumba aliletwa kuuawa, kwa hiyo nipeni nafasi.

Jumanne, 17 Januari 1961. Lumumba alikuwa kifungoni Thysville, siku hizi Mbanza-Ngungu. Siku chache kabla, askari wa kambi ile walikuwa wameasi, na wakubwa wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, waliogopa kwamba wangeweza kumfungulia. Wakaamua kumpeleka kwa adui yake mkubwa, Tshombe, aliyekuwa ameitenga Katanga tangu Julai 1960. Alisafirishwa na wenzake wawili ambao majina yao yanasahaulika kila mwaka, na mimi nitayaandika kila mwaka: Maurice Mpolo, aliyekuwa waziri wa vijana na michezo, na Joseph Okito, makamu wa rais wa Seneti.

Walipigwa ndani ya ndege njia nzima. Ilitua Luano kabla kidogo ya saa kumi na moja jioni. Kutoka hapo walipelekwa kwenye nyumba ya Brouwez, isiyo mbali na uwanja, wakapigwa tena, na mawaziri wa Katanga wakaja kuwaona. Usiku wakapelekwa porini, Shilatembo, kilomita kama 50 kutoka mjini. Wakapigwa risasi mmoja mmoja chini ya mti, Okito kwanza, Mpolo wa pili, Lumumba wa mwisho. Maofisa wa Kibelgiji walikuwepo na walishika amri. Tshombe alikuwepo. Ilikuwa kama saa tatu na dakika 40 usiku.

Halafu wakafukuliwa. Polisi wa Kibelgiji, Gérard Soete, aliwakata na kuwayeyusha kwa asidi ya salfuriki ili pasibaki kaburi. Nchi ilitangaziwa tarehe 13 Februari tu, karibu mwezi mzima baadaye, tena kwa uongo: Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, alisema wafungwa walitoroka na wanakijiji wakawaua.

Soete alibaki na jino. Familia ilikabidhiwa jino hilo Brussels tarehe 20 Juni 2022. Jeneza likapitishwa Onalua alikozaliwa, Kisangani, na hapa kwetu hadi Shilatembo, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni, siku ya uhuru. Nilikuwa kati ya watu waliosimama kando ya barabara. Wazee walivua kofia. Kijana mmoja aliniuliza, "Papa, na wale wengine wawili wako wapi?" Hakuna kilichorudi cha Mpolo wala cha Okito.

Basi mtu akiandika "1961: Lumumba auawa", aongeze majina mawili. Ni nafasi ndogo sana kwenye mstari.

---

Mwana wa Birere (Goma)

Papa wa Kamalondo, nimeyaandika, na mwaka kesho yatakuwa mstari wa kwanza.

Naongeza kitu juu ya tarehe ile. Siku hiyo hiyo Rais Eisenhower wa Marekani alitoa hotuba yake ya kuaga kwenye televisheni, ile maarufu ya kuonya Wamarekani dhidi ya nguvu za jeshi na viwanda vya silaha. Alizungumza saa mbili na nusu usiku saa za Washington. Ukihesabu, Shilatembo palikuwa pametulia kwa karibu saa sita. Ni utawala wake huo ambao, kwa mujibu wa kamati ya Seneti ya Marekani ya mwaka 1975, CIA yake iliandaa sumu ya kumuua Lumumba na kuituma Léopoldville. Sumu haikutumika, wengine walimaliza kazi kwa njia nyingine. Kennedy aliapishwa tarehe 20 Januari akiwa hajui kwamba Lumumba ameshakufa.

Orodha za mtandaoni zinaweka hotuba ya Eisenhower juu na kifo cha Lumumba chini, mistari miwili isiyojuana. Mimi ninaona ni habari moja.

---

Mpenda Ndondi (Goma)

Yaya, umesahau mkubwa kuliko wote waliozaliwa siku hiyo! Muhammad Ali, Louisville, Kentucky, 17 Januari 1942. Jina la kuzaliwa Cassius Clay.

Pambano lake na George Foreman kule Kinshasa mnalijua, siwezi kulirudia lote. 30 Oktoba 1974, uwanja wa 20 Mai, ambao sasa ni Tata Raphaël. Pambano lilipigwa kama saa kumi alfajiri ili Wamarekani waangalie usiku kwao. Mobutu aliahidi kila bondia dola milioni 5. Ali alikuwa na miaka 32, Foreman 25, na karibu kila mjuzi alisema Ali atavunjwa. Akajiegemeza kwenye kamba raundi baada ya raundi, akamwacha Foreman ajichoshe, raundi ya nane akamwangusha. Uwanja mzima unaimba "Ali bomaye", yaani "Ali, muue".

Lakini kuna jambo ambalo sijaliona likitajwa na mtu yeyote hapa kwetu. Tarehe 17 Januari 1961, siku Lumumba alipouawa, Ali alikuwa ulingoni. Ndiyo. Alikuwa anatimiza miaka 19, ana medali ya dhahabu ya Roma ya mwaka uliopita, na alikuwa anapigana pambano lake la tatu la kulipwa, Miami Beach, dhidi ya Tony Esperti. Alimmaliza raundi ya tatu. Kijana mweusi wa Kentucky anasherehekea ushindi, na Katanga wanachimba shimo. Miaka 13 baadaye kijana yule anashuka Kinshasa na watu wanampokea kama ndugu aliyekuwa amepotea.

---

Fundi wa Himbi (Goma)

Mpenda Ndondi, mimi si mtu wa ngumi lakini umenikumbusha tarehe.

Foreman alizaliwa 10 Januari 1949. Sisi watu wa mlima tunaijua 10 Januari: ndiyo siku Nyiragongo ilipasuka mwaka 1977. Ziwa la lava la kileleni liliisha kwa muda usiozidi saa moja, na lava ilikuwa nyepesi sana, ina madini ya silika kidogo, ikashuka kwenye mteremko kwa kasi iliyofika karibu kilomita 60 kwa saa. Huwezi kuikimbia kwa miguu. Vijiji viliungua kabla watu hawajatoka.

Kwa hiyo wale mabondia wawili waliokutana Kinshasa walizaliwa kwenye tarehe mbili ambazo mlima wetu uliua: Foreman tarehe ya 1977, Ali tarehe ya 2002. Ni sadfa tu, lakini mtoto wa Goma ukimfundisha hivyo hatasahau tarehe yoyote kati ya hizo mbili.

---

Mwalimu wa Ibanda (Bukavu)

Ndugu zangu, nawaheshimu lakini nina pingamizi. Siku ya maombolezo hatuchanganyi na keki. Tumetoka kusoma habari za asidi, na hapo hapo tunaletewa siku ya kuzaliwa ya bondia, kesho mtu ataleta mchekeshaji wa Hollywood. Al Capone alikuwa jambazi. Kwa nini aingie hata kwenye mazungumzo? Nikiwa darasani, tarehe hiyo ikikaribia nazungumzia Lumumba, na watoto wakirudi shule nasimulia Goma. Basi.

---

Mwana wa Birere (Goma)

Mwalimu, shikamoo. Neno lako ni zito.

Al Capone simtaki pia, na sitamweka. Lakini Ali ninambakiza, na nitakueleza kwa nini. Orodha ya vifo peke yake inamfundisha mtoto kwamba kwetu tarehe zinakuja kuchukua tu. Wako watu Goma waliozaliwa tarehe 17 Januari 2002, njiani, upande wa Gisenyi, mama zao wamekimbia na matumbo. Mmoja ni binti wa jirani yangu. Kila mwaka anaona haya kusherehekea, kwa sababu mtaani ni siku ya kukumbuka waliokufa. Mama yake anampikia kuku na sombe jioni, mlango umefungwa, kama wanaficha kitu. Nataka binti yule ajue ana haki ya tarehe yake.

Kanuni ninayopendekeza ni hii: aliyezaliwa siku hiyo anaingia kama ana uzi unaomfunga na sisi. Ali anao. Asiyekuwa nao, wenye orodha za huko watamwandika wenyewe.

---

Mwalimu wa Ibanda (Bukavu)

Marahaba. Kwa kanuni hiyo nakubali. Na binti huyo mwambieni mwalimu mmoja wa Bukavu anamtakia heri.

---

Kambiste wa Virunga (Goma)

Kama kanuni ni uzi unaotufunga, basi mimi ninaye mtu ambaye wote hapa mnamshika mkononi. Benjamin Franklin, alizaliwa Boston tarehe 17 Januari 1706. Ndiye yuko kwenye noti ya dola 100.

Mimi nakaa sokoni na kibao changu cha pesa, namwangalia usoni mchana kutwa. Goma kodi ya nyumba ni dola, ada za shule kubwa ni dola, kiwanja ni dola. Na mnajua masharti yetu: noti ikiwa na mpasuko mdogo pembeni, hata wa urefu wa ukucha, hakuna anayeipokea, au unaibadilisha kwa hasara. Unaishika dhidi ya jua, unatafuta ile sura ya pili iliyofichwa ndani ya karatasi, unapitisha kidole begani pa koti lake kama bado pana mkwaruzo. Franklin mwenyewe alikuwa mchapishaji, na alichapa pesa za karatasi za makoloni. Alibuni hata njia ya kuzuia noti za bandia: alichapa majani halisi ya miti kwenye noti, kwa sababu mishipa ya jani ni ngumu kuigiza.

Mtu aliyehangaika na noti za bandia miaka mia tatu iliyopita, mimi nahangaika naye mpaka leo. Mwandikeni.

---

Mpenda Ndondi (Goma)

Kambiste umeshinda. Huyo anaingia.

---

Mwalimu wa Ibanda (Bukavu)

Kwa vile mmemleta Franklin, naongeza kitu ambacho kila anayependa tarehe anapaswa kukijua. Siku aliyozaliwa, kalenda ya Boston ilisomeka 6 Januari 1705. Waingereza na makoloni yao walikuwa bado wanafuata kalenda ya Julius, na mwaka mpya wao ulianza tarehe 25 Machi. Walipobadilisha mwaka 1752, waliruka siku 11, na Franklin akawa wa 17 Januari 1706.

Saa nazo zinachezea tarehe. Mabomu ya kwanza ya Vita vya Ghuba yaliangukia Baghdad usiku wa manane kuamkia alfajiri ya 17 Januari 1991, lakini Washington ilikuwa bado jioni ya tarehe 16. Kwa hiyo ukikuta orodha mbili zinapishana kwa siku moja, usikimbilie kusema mmoja ni mwongo. Uliza kwanza: tarehe ya wapi?

---

Katekista (Goma)

Tumsifu Yesu Kristo. Kwa sisi Wakatoliki tarehe 17 Januari ni sikukuu ya Mtakatifu Antoni Abati, yule wa jangwa la Misri. Zamani huko Ulaya watu walimwomba dhidi ya ugonjwa mkali wa kuungua viungo ulioitwa moto wa Mtakatifu Antoni, uliotokana na nafaka iliyoingiwa na ukungu. Mpaka leo vijiji vingi vya Hispania na Italia vinawasha mioto mikubwa kwa heshima yake.

Mwaka 2002, siku yake, kanisa kuu la Goma liliungua. Nilikuwa mwimbaji pale. Sisemi kuna maana iliyofichika. Nasema tu kwamba asubuhi ile misa ilikuwa ya Antoni, na ilikuwa ya mwisho ndani ya jengo lile.

---

Mama wa Kadutu (Bukavu)

Katekista, Mungu awabariki. Hiyo sikuijua.

---

Mwana wa Birere (Goma)

Mimi pia sikuijua. Asante sana.

Naweka na matetemeko, kwa sababu sisi tunajua ardhi inayotikisika. Baada ya lava ya 2002 nyumba ziliendelea kuanguka kwa siku kadhaa, Goma na Gisenyi. Tarehe 17 Januari 1994 alfajiri, Northridge, Los Angeles, tetemeko la ukubwa wa 6.7. Mwaka mmoja kamili baadaye, 17 Januari 1995, saa kumi na moja na dakika 46 alfajiri, Kobe, Japani: watu 6,434 walikufa, wengi ndani ya nyumba za zamani za mbao zenye mapaa mazito ya vigae. Watu wa Kobe kila mwaka alfajiri hiyo wanawasha taa uwanjani na kusimama kimya dakika ile ile. Baada ya janga walibadilisha namna ya kujenga na kuimarisha nyumba za zamani.

Sisi pale ambapo njia ya ndege ilifupishwa na lava palibaki hivyo miaka na miaka. Aprili 2008 ndege ya abiria ilishindwa kuruka ikaingia Birere, sokoni, ikaua watu wa mtaa wangu. Lava ya 2002 ilikuwa bado imelala pale mwisho wa njia. Na tarehe 22 Mei 2021 jioni mlima ulipasuka tena, lava ikasimama Buhene, karibu kabisa na mji, juu ya nyumba zilizojengwa baada ya 2002. Hilo linaniuma na nitaliandika bila kuzunguka: baada ya 2002 tulijua moto ulipita wapi, na viwanja viliendelea kugawiwa pale pale.

---

Fundi wa Himbi (Goma)

Ni kweli tupu. Ramani za hatari zipo, OVG, kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, wanazo. Anayenunua kiwanja kaskazini ya mji aende akaulize kabla hajalipa.

---

Mpenda Ndondi (Goma)

Waliozaliwa tumalizie haraka jamani. Michelle Obama, Chicago, 1964, nadhani hana haja ya kuelezewa. James Earl Jones, Mississippi, 1931, aliyempa sauti Mufasa, yule simba wa filamu ya The Lion King. Wadogo zangu wote wamekua na sauti ile. Dwyane Wade wa mpira wa kikapu, 1982, namleta kwa ajili ya vijana wa viwanja vya hapa. Na mama yangu amenilazimisha nimwandike Dalida, aliyezaliwa Kairo mwaka 1933. Anasema redio ya baba yake ilikuwa haizimwi Dalida akiimba.

---

Mama wa Kadutu (Bukavu)

Mama yako ana haki! Dalida anaingia, na asiguswe na mtu.

---

Mtu wa Kamalondo (Lubumbashi)

Swali moja kwa mwenye uzi. Tarehe 16 nayo ni konje, ya Rais Laurent-Désiré Kabila. Alipigwa risasi Kinshasa 16 Januari 2001, siku moja kabla ya kutimia miaka 40 ya Lumumba, na kifo kikatangazwa rasmi tarehe 18. Tumweke wapi? Hapa Katanga watu watauliza.

---

Mwana wa Birere (Goma)

Papa, yeye ana siku yake, tusimbane kwenye mstari wa mwingine. Fungua wewe uzi wa tarehe 16, maana nyinyi wa Katanga mnamjua kuliko sisi. Fundi aandike wa tarehe 10, aeleze 1977 kwa urefu, na Foreman awemo. Mimi nitaweka haya yote pamoja usiku wa leo, niyatume kwenye makundi kabla orodha za huko hazijafika asubuhi. Mwalimu, nakuomba usome kwanza unirekebishie Kiswahili.

---

Mwalimu wa Ibanda (Bukavu)

Tuma. Niko macho mpaka saa tano.